Wazee wa Yezreeli: Nabii na Mfalme Mbaya Katika Nchi Isiyokuwa na Wafalme

Manabii wa Kiebrania waliosimama mbele ya wafalme ni wengi. Nathani alimwendea Daudi kwa ajili ya damu ya Uria Mhiti. Amosi, mchungaji wa Tekoa, alifukuzwa Betheli na kuhani Amazia kwa kuwa maneno yake hayakufaa kusikika karibu na kiti cha Yeroboamu. Yeremia alimshutumu Yehoyakimu kwa kujijengea jumba kwa jasho la watu asiowalipa, na gombo la maneno ya nabii huyo liliposomwa mbele ya mfalme, alilikata kwa kijembe kipande baada ya kipande na kulitupa motoni. Lakini ukiniuliza ni kisa kipi kati ya hivi kinachomgusa zaidi mtu wa mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, kuanzia Igembe mpaka Mbeere, nitakujibu bila kusita: kile cha Eliya, Ahabu na Nabothi, 1 Wafalme 21. Ni kesi ya shamba.

Nabothi ana shamba la mizabibu linalopakana na jumba la mfalme. Mfalme analitaka apande mboga. Hatumii nguvu mwanzoni. Anataja bei, au shamba jingine lililo bora zaidi. Nabothi anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Mfalme anarudi nyumbani, anajilaza kitandani akiutazama ukuta, chakula hali. Mkewe Yezebeli anaandika barua kwa jina la mumewe, anazipiga mhuri wa mfalme na kuzituma kwa wazee na wakuu wa mji anakokaa Nabothi. Barua zinaagiza mkutano wa hadhara, zinaagiza mashahidi wawili, zinaagiza na hukumu. Wazee wanafanya kama walivyoandikiwa. Nabothi anapigwa mawe nje ya mji, na mfalme anashuka kwenda kulichukua shamba. Huko ndiko Eliya anakomkuta.

Mtu yeyote aliyewahi kushinda kwenye benchi la ofisi ya ardhi, au kusimama katika baraza la chifu wakati mpaka wa shamba unapobishaniwa, hahitaji mhubiri wa kumfafanulia habari hii. Anazijua barua hizo, na mhuri anaujua. Mashahidi wawili anaweza hata kuwataja kwa majina.

Kwa miaka mingi mimbari zetu zimekitumia kisa hiki kumtukuza Eliya, mtu shujaa aliyemwambia mfalme ukweli usoni. Si vibaya. Ila nashikilia kwamba tukimtazama Eliya peke yake tunapitwa na jambo zito kuliko yote. Eliya alifika Nabothi akiwa amekwisha kuzikwa. Uovu wenyewe ulitendwa na wazee wa Yezreeli, watu waliomjua Nabothi, waliokaa naye mji mmoja, waliosoma barua wakajua ni ya uongo, wakatii. Historia ya nabii na mfalme katika Meru na Embu, ukiichunguza kwa makini, inatuelekeza kwa hao wazee.

Tuanze na lililo la ajabu kidogo: hii ni nchi isiyokuwa na wafalme. Baganda walikuwa na Kabaka na Wanyoro walikuwa na Omukama. Wameru na Waembu hawakuwa na mtu wa namna hiyo. Kesi za Wameru ziliamuliwa na mabaraza ya wazee, na juu yake Njuri Ncheke, ambayo makao yake yanajulikana mpaka leo kule Nchiru. Embu, mamlaka yalipokezanwa kati ya vizazi viwili, Nyangi na Kimanthi; wakati ulipofika, kizazi kimoja kiliondoka na kingine kikaingia. Madaraka yalikuwa na mwisho unaojulikana, na mwenye kushika zamu alijua kwamba anayemfuata yuko mlangoni. Ahabu asingeweza kuzaliwa katika utaratibu huo.

Nabii, lakini, alikuwapo. Wameru walikuwa na Mugwe, na kila sehemu ilikuwa na wake. Hakuwa na askari wala hakimu chini yake. Nguvu yake ilikuwa baraka, na baraka hiyo ilikaa katika mkono wa kushoto, ambao aliufunika asiuonyeshe ovyo kwa watu. Bernardo Bernardi, mmisionari wa Consolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, aliandika kitabu kizima juu ya Mugwe mwaka 1959, na katika jina la kitabu hicho alimwita nabii anayefifia. Ni kweli kwamba wakati huo Mugwe alikuwa amesukumwa pembeni, na waliomsukuma ni wawili: misheni iliyoleta manabii wengine, na serikali iliyoleta machifu.

Kuna pia simulizi la Mbwaa. Wameru husimulia kwamba walitoka katika kisiwa cha pwani kiitwacho Mbwaa, ambacho wengi hukihusisha na Manda karibu na Lamu. Huko walitawaliwa kwa ukatili na watu wa Nguo Ntuune, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana: watengeneze kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, walete mbwa mwenye pembe, wafue mkuki wa kufika mbinguni. Kiongozi wao, ambaye masimulizi mengi humwita Koomenjwe, aliwasaidia kupata jibu la mitihani hiyo mmoja baada ya mwingine, akinunua muda, mpaka ulipofika ule wa mkuki. Ndipo wakatoroka. Maji yakagawanyika, wakavuka, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine jua limekwisha kutoka, na kutokana na nyakati hizo zikapatikana koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Wapo waliojiuliza kama simulizi hili limekolezwa na Kitabu cha Kutoka baada ya misheni kuingia. Inawezekana kwa baadhi ya mapambo yake. Lakini mitihani ile ya kiatu na mbwa haimo katika Biblia yoyote, na ina ladha ya wazee wa hapa.

Kinachonivutia katika Mbwaa ni aina ya jibu. Mbele ya mtawala mwovu, kiongozi wa Wameru hakumfuata ikulu kumhukumu. Alimzungusha kwa akili, kisha akawahamisha watu wake wote. Jibu hilo hufaa pale penye nchi tupu ng'ambo ya maji. Ukiwa umefika mlimani, umepanda migomba na mahindi, na mtawala mpya akakukuta hapo hapo, huna tena pa kuvukia. Hapo ndipo unapohitaji nabii wa aina nyingine, yule anayebaki.

Mtawala mpya alikuja haraka. Waingereza waliwapiga Waembu mwaka 1906. Mwaka 1908 Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, aliweka kituo cha serikali Meru. Wakateuliwa machifu, wakapewa askari, kodi ya kukusanya, vibarua vya kulazimisha, na mhuri. Wamethodisti wakafika Kaaga mwaka 1912, Waskoti wakafungua Chogoria mwaka 1922, Wakatoliki wa Consolata wakajenga misheni zao, na Waanglikana wakashika Kigari upande wa Embu. Kwa hiyo kizazi kile kile kilichomwona chifu kwa mara ya kwanza ndicho kilichosomewa habari za Ahabu kwa mara ya kwanza. Mfalme na kitabu kinachomshutumu mfalme vilipanda mlima karibu pamoja. Naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Agano la Kale lishike mizizi hapa kwa namna ambayo wamisionari wenyewe hawakuitarajia.

Sasa tufike kwa mtu ambaye bila yeye mada hii haina mwili. David Mukuba Gitari alizaliwa mwaka 1937 Ngiriambu, Kirinyaga, wakati eneo hilo likiwa bado sehemu ya wilaya ya Embu. Baba yake, Samuel Mukuba, alikuwa mwinjilisti. Kijana huyo alisoma Kangaru, Embu, kisha Nairobi, kisha Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya. Machi 1975 mbunge Josiah Mwangi Kariuki, maarufu kama J.M., aliuawa. Gitari alikuwa na nafasi ya kutoa mahubiri mafupi katika Sauti ya Kenya. Aliitumia kuzungumzia utakatifu wa uhai wa mwanadamu na damu ya Abeli inayolia kutoka ardhini. Hakumtaja aliyeua. Wenye redio waliona anamtaja.

Julai mwaka huo huo aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, makao yakiwa Embu. Dayosisi hiyo ilianzia Kirinyaga, ikapita Embu na Meru, ikaenda Isiolo na Marsabit mpaka mpaka wa Ethiopia. Alikaa katika kiti hicho miaka 15, mpaka 1990 ilipogawanywa kuwa Dayosisi ya Embu na ya Kirinyaga, naye akaenda Kirinyaga. Baadaye, kuanzia 1997 hadi 2002, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya. Alifariki Septemba 2013.

Watu humkumbuka kwa ujasiri. Mimi nataka kusema zaidi juu ya njia yake ya kufanya kazi, kwa maana ujasiri bila njia usingemfikisha mbali. Gitari alikuwa mhubiri wa kufafanua maandiko. Alichukua sura moja akaipitia mstari kwa mstari, akaeleza mji, mfalme, sheria na mazingira ya wakati ule, na alipofika mwisho akasema jambo hilo lina uhusiano gani na Kenya ya wiki hiyo. Wanasiasa walipokasirika walijikuta wanagombana na Danieli au Ezekieli. Kumjibu kikamilifu ilibidi wafungue Biblia wathibitishe kwamba sura haisemi alichosema, na hilo hawakuliweza.

Mfano bora ni mahubiri yake ya Juni 1987 kule Nyeri, juu ya Danieli sura ya 6. Kumbuka hali ya nchi. Tangu 1982 KANU ilikuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1986 Bunge lilibadilisha Katiba kwa haraka na kuondoa ulinzi wa kazi wa Mwanasheria Mkuu na wa Mkaguzi Mkuu wa hesabu. Mwaka huo huo KANU ilitangaza upigaji kura wa mlolongo, ambapo mpiga kura angesimama hadharani nyuma ya mgombea au picha yake. Agosti 1986 wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walipinga mlolongo waziwazi, na AIC, kanisa la Rais Daniel arap Moi mwenyewe, likajitoa katika baraza hilo.

Katika hali hiyo Gitari alichagua kisa cha Dario. Utaona busara ya uchaguzi huo. Dario si Ahabu. Ni mfalme aliyezungukwa na wakubwa wenye wivu, wakamletea sheria ya kumsifu, akaitia mhuri bila kuitafakari, kisha akanaswa na mhuri wake mwenyewe asiweze kumwokoa mtu anayempenda. Usiku kucha hakulala. Kwa kumsimulia Dario, askofu aliwashutumu waliomzunguka Rais, na wakati huo huo akamwachia Rais mlango wa kutokea. Rais angeweza kusikia na kusema kwamba alidanganywa. Ni njia ya Nathani, aliyemletea Daudi kesi ya mwana-kondoo wa maskini akamwacha atoe hukumu kwa kinywa chake. Mlango ulipatikana lakini hakuna aliyepita. Magazeti yaliyaandika mahubiri hayo, wanasiasa wakamvamia kwa maneno wiki kadhaa, wengine wakitaka akamatwe. Mwaka uliofuata uchaguzi wa mlolongo ulifanyika, na nchi nzima ikashuhudia mahali ambapo mstari mfupi ulishinda mrefu. Jarida la Beyond la NCCK lililoandika habari hizo lilipigwa marufuku Machi 1988 na mhariri wake akafungwa jela.

Usiku wa tarehe 21 Aprili 1989 kundi la watu lilivamia nyumba ya Gitari huko Difathas, Kirinyaga. Alipanda juu ya paa akapiga mayowe. Majirani wakaja, na wavamizi wakakimbia. Mwenyewe aliamini mpaka mwisho kwamba halikuwa shambulio la wezi wa kawaida. Yeyote asomaye 1 Wafalme atakumbuka kwamba Eliya naye, baada ya Karmeli, alikimbia mpaka Horebu akilalamika kwamba amebaki peke yake, naye akaambiwa kwamba wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Kwa Gitari 7,000 hao walikuwa watu wa Difathas, waliotoka vitandani usiku.

Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua Februari 1977 wakilalamikia mauaji na dhuluma za askari. Tarehe 16 ya mwezi huo huo Luwum akauawa. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikwenda Busia baada ya waziri Peter Okondo kumwonya hadharani kwamba akifika huko huenda asirudi hai. Alikwenda, akahubiri, na alipokuwa akirudi aligongwa na lori akafa. Henry Okullu wa Maseno Kusini na Timothy Njoya wa Presbiteri walivumilia matusi, vitisho, na kwa Njoya hata kipigo hadharani. Gitari alikuwa mmoja wao, na kilichompa sauti ya pekee ni kwamba alikuwa na nchi nyuma yake, parokia hata zile za mabondeni Mbeere na Tharaka, na wasomaji wa Biblia waliomfuata mstari kwa mstari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakubwa wa Kirinyaga walianza kumezea mate ardhi ya umma. Gitari akahubiri juu ya Nabothi, na swali alilouliza katika mahubiri hayo ndilo linalobeba makala haya. Aliuliza kama hapakuwa na Nabothi wa kusema hapana. Angeweza kujifanya Eliya. Vazi hilo lilimtosha kabisa. Badala yake aliwageukia watu waliokuwa ndani ya mkutano, madiwani, wazee, makarani, na kuwauliza mmoja wao alikuwa wapi wakati azimio la ardhi hiyo linapitishwa. Naona hapo alikuwa mwalimu bora kuliko wengi waliomsifu, maana alijua kwamba nabii huja baada ya damu kumwagika, na kwamba anayeweza kuizuia damu ni yule anayekaa kwenye kikao chenyewe.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu Yezebeli, kwa sababu wahubiri wetu hupenda kumtwika mzigo wote. Ni kweli aliandika barua. Lakini mhuri ulikuwa wa Ahabu, na Ahabu hakuuliza shamba limepatikanaje. Aliamka, akala, akashuka kulichukua. Kuna wakubwa wengi wa namna hiyo, ambao hawajawahi kutia saini jambo lolote baya, na bado mashamba yanawafikia.

Yezebeli alikuwa na chombo kingine cha utawala kisichotajwa sana: meza yake. Katika sura ya 18 tunaambiwa manabii 450 wa Baali na 400 wa Ashera walikula mezani pake. Katika sura ya 22 manabii kama 400 wanamwambia Ahabu kwa sauti moja apande Ramoth-Gileadi vitani atashinda, na Mikaya mwana wa Imla pekee anasema atakufa. Akatiwa gerezani kwa mkate na maji machache. Mfalme akaenda, akafa.

Uhusiano wa kanisa na meza ya mfalme katika Meru na Embu una sura zaidi ya moja, na ni haki kuzitaja zote. Lawi Imathiu, Mmeru aliyeongoza Kanisa la Methodisti nchini, aliteuliwa kuwa mbunge wakati wa Jomo Kenyatta, na baadaye akawa rais wa Baraza la Methodisti Duniani kuanzia 1986 hadi 1991. Alichagua kufanya kazi akiwa karibu na serikali, na shule na hospitali zilinufaika. Si kila aliye ndani ya jumba ni mnafiki: Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, naye aliwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akiwalisha. Kazi ya Obadia ni halali. Ila Obadia hakuweza kumwambia Ahabu kile ambacho Eliya alimwambia, na yeye na Eliya walipokutana njiani alikuwa na woga mwingi.

Mutava Musyimi ni sura nyingine. Alikuwa katibu mkuu wa NCCK katika miaka mizito ya kudai Katiba mpya, sauti iliyosikika katika harakati za Ufungamano. Mwaka 2007 akagombea ubunge wa Gachoka, huko Mbeere, akashinda, na 2013 akarudi bungeni kwa Mbeere Kusini. Ana haki yake ya kugombea kama raia yeyote. Lakini baada ya KANU kushindwa 2002 wengi waliokuwa wakisimama lango la jumba waliingia ndani, na lango likabaki bila mtu. Ulipofika uchaguzi wa Desemba 2007, makanisa yalikuwa yamegawanyika kwa kabila na kwa chama. Februari 2008, watu zaidi ya 1,000 wakiwa wameuawa, NCCK ilitoka hadharani kukiri kwamba viongozi wa kanisa waliegemea upande na kuomba msamaha. Ninaliheshimu ungamo lile, na ninaona lilikuja kwa kuchelewa kama Eliya kule shambani.

Tangu hapo kumekuwa na dalili za kuiacha meza. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa mimbari katika ibada za Kianglikana. Novemba 2024, baada ya maaskofu Wakatoliki kuishutumu serikali kwa uongo na ahadi hewa, Rais William Ruto alitoa mamilioni ya shilingi katika kanisa moja Katoliki la Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Vijana walioandamana Juni mwaka huo walikuwa wamekwisha kuwauliza viongozi wa dini kwa ukali kuhusu bahasha za Jumapili. Harambee ilijenga makanisa mengi ya mlimani, na sidharau jasho la waliochanga. Lakini mchungaji anayejua kwamba mabati ya mwakani yatatoka kwa mheshimiwa yule yule atapata shida kufungua 1 Wafalme 21 mheshimiwa akiwa ameketi kiti cha mbele.

Turudi kwa wazee, kwa maana bado hatujamaliza nao. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Yezreeli liliharibika, na wazee wakiwa wote wapo. Mwaka 2003 serikali mpya ya NARC, iliyoiondoa KANU, iliunda tume chini ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, na ripoti yake ya 2004 ilionyesha kwamba wanasiasa wakuu hawakufanya kazi hiyo peke yao. Walihitaji maofisa wa ardhi, wapimaji, mawakili, madiwani, watu wenye elimu na vyeo, kila mmoja akipitisha karatasi kwa mwenzake. Hao ndio wazee wa Yezreeli. Msitu nao ulipitia mikono hiyo hiyo. Uchunguzi wa Mlima Kenya uliofanywa kwa ndege na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mwaka 1999 ulionyesha uharibifu mkubwa, huku msitu wa Imenti kule Meru ukiwa umefyekwa vibaya mno, na mashamba ya bangi yakistawi ndani ya hifadhi. Maelfu ya magogo hayatoki msituni bila mtu kulipwa barabarani.

Kisa chenyewe kinaendelea zaidi ya pale wahubiri wanapoachia. Ahabu alipokwisha kufa, Yehu alitiwa mafuta kuwa mfalme, akaiangusha nyumba ya Ahabu kwa jina la haki ya Nabothi. Mwili wa Yoramu mwana wa Ahabu ulitupwa katika shamba lile lile. Kisha, 2 Wafalme 10, Yehu naye akaandika barua. Akawaandikia wakuu na wazee. Wakaogopa, wakatii, wakawachinja wana 70 wa Ahabu waliokuwa wakiwalea, wakatia vichwa vyao katika vikapu na kuvipeleka Yezreeli. Wazee wale wale, au wa aina ile ile, waliomuua Nabothi kwa barua ya Ahabu waliwaua watoto wa Ahabu kwa barua ya Yehu. Mfalme alibadilika, utiifu kwa mhuri ulibaki palepale.

Nikiwaza Desemba 2002, jinsi tulivyoimba barabarani KANU iliposhindwa, kisha nikisoma yaliyofuata, kashfa ya Anglo Leasing na mengine, naiona sura hiyo ya 10 ikisomeka tena. Tulimwondoa Ahabu. Ofisi zilizopokea barua zake zilibaki na watu wake, na walipopokea barua mpya walifanya kama walivyoandikiwa. Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha jambo hilo: ilianzisha Tume ya Taifa ya Ardhi, ikamzuia Rais kugawa ardhi ya umma kama mali yake, ikagawa mamlaka kwa kaunti. Ni kazi kubwa, na manabii wa miaka ya 1980 wana jasho lao ndani yake, ingawa inasikitisha kwamba kura ya maoni ilipofika NCCK yenyewe ilisimama upande wa kupinga. Lakini hakuna ibara inayoweza kukaa kwenye kikao cha kamati ya ardhi ya kata na kusema hapana. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye jina, mbele ya wenzake wanaomfahamu.

Wachungaji wa Meru na Embu, mnaposoma tena sura ya Nabothi, msikimbilie mstari wa 17 ambapo Eliya anaingia. Kaeni mstari wa 8 hadi wa 13. Wasomeeni wazee wa kanisa, ambao wengi wao ndio wanaokaa katika kamati za maji, bodi za shule, vikao vya koo na mabaraza ya mipaka, kisha waulizeni swali la Gitari. Na wewe msomaji uliye karani, mpimaji, chifu, diwani au shahidi wa mpaka: barua itakapokufikia, nawe unajua kwamba ni ya uongo, usitie saini.